Fusae na Hewa ya Shimoni

Hanaoka Fusae alikuwa mwoga. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ukiwauliza watu wa bonde letu watakwambia alikuwa mtu mwangalifu, na yeye neno hilo alilichukia.

"Mwangalifu ni mtu mwenye akili zake," aliniambia siku moja tukila chakula cha mchana. "Mimi naogopa tu, Nagumo-san."

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu za ajabu, kwa kuwa alifunga chupa za pombe kwa miaka ishirini na mitatu. Tulimwita Shangazi. Nilimwita hivyo mimi, ambaye alinizidi miaka sita tu, na hata Yoshizumi, fundi wetu wa mabomba, ambaye kwa kweli alimzidi yeye umri. Hakupenda kuinama. Kamba ya kiatu ikimfunguka ndani ya banda letu, alitoka nje kwenye theluji akaifungia huko. Mimi jambo hilo lilinikera sana, kwa sababu kila akitoka aliacha mlango wazi.

Alichokiogopa kilikuwa kimoja, hewa ukaa. Mchele ukichachuka kwenye matangi wakati wa baridi, hewa hiyo hutoka ikalala juu ya pombe. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Fusae alipokuwa na miaka tisa, kibarua mmoja wa kiwanda cha pombe aliingia kwenye tangi lililokuwa limemalizwa pombe ili alisafishe, akaanguka. Baba yake Fusae akaingia kumwokoa. Waliwatoa wote wawili kwa ndoana, na mtoto alikuwa amesimama uani na chakula cha baba yake mkononi. Aliniambia kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba hakukuwa na kelele. Baba yake aliingia, halafu kimya.

Sasa utauliza mtu kama huyo alifuata nini kwetu, na mimi nilijiuliza hivyo hivyo.

Sisi ni kampuni ya watu wanne, kwenye mteremko nyuma ya kiwanda kile kile cha pombe. Tunaikusanya hewa ukaa inayotoka kwenye matangi na kuipeleka kwa bomba hadi kwenye paneli tulizozipanga zikitazama kusini. Ndani ya paneli kuna maji na mabamba ya madini. Jua likipiga, maji yanavunjika, oksijeni inatokea juu, na hewa ukaa inaungana na kilichobaki cha maji inageuka asidi. Ni kazi ya jani la mti, ila jani letu ni la chuma, na badala ya sukari linatoa kitu tunachokiita asidi ya sisimizi, kwa kuwa ndiyo ile ile inayokuwasha sisimizi akikuuma. Wafugaji wa huko juu milimani huimwagia majani ya ng'ombe waliyoyahifadhi yasioze. Kunieda, injinia wetu na bosi wetu, anaweza kulieleza jambo hili kwa saa tatu bila kumeza mate. Mimi nimemaliza.

Fusae alipokuja kuomba kazi, Kunieda alimuuliza waziwazi kwa nini, maana habari za baba yake zilijulikana na kila mtu. Akajibu, "Kila mahali naijua inakotoka. Hapa ndipo peke yake ninapoiona ikiisha." Akapewa kazi ya kuosha vioo vya paneli na kujaza mapipa. Kila pipa likijaa alilipiga kofi dogo ubavuni akasema, "Hii haitamlaza mtu tena." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazoea, na siku asipolipiga kofi nilihisi kazi haijaisha.

Kuna karatasi ambayo kila mfanyakazi lazima aijaze kila mwezi, nami naiita karatasi ya moyo-paa. Unaandika jambo lililokaribia kukudhuru, ambalo lilikupiga moyo paa halafu likapita. Mimi niliandika "Niliteleza kwenye jani" miezi mitatu mfululizo. Fusae alijaza kumi na moja wiki yake ya kwanza.

"Shangazi, karatasi tunanunua," Kunieda akamwambia.

Yoshizumi akazichukua akazisoma kwa sauti tukinywa supu ya miso. "Hii hapa. 'Nilihisi bomba linaninong'oneza.' Sasa Shangazi, lilikunong'oneza nini?"

"Lilisema wewe ni mjinga."

"Basi linanijua," akasema Yoshizumi, akachukua kachumbari kwenye sahani ya Fusae bila kuomba. Walikuwa hivyo siku zote. Yoshizumi alimtania tangu asubuhi mpaka jioni, na Fusae alimtengea kachumbari ya ziada kila siku huku akijifanya anaibiwa.

Tena kazini kwetu hatufungui wala hatufungi kitu bila kukinyooshea kidole na kupaza sauti: "Yoshi!" Maana yake nimeona, iko sawa, endelea. Madereva wa treni kote Japani wanafanya hivyo, wajenzi wanafanya hivyo, na mimi hufanya hata nikizima jiko nyumbani, mke wangu ananicheka.

Chini ya banda letu kuna shimo la mabomba, kina chake zaidi kidogo ya urefu wa mtu mrefu. Yoshizumi alishuka humo mara moja kwa mwezi hivi. Utaratibu ulikuwa huu. Mimi nafunga vali iliyoko ukutani mwa kiwanda cha pombe, hatua arobaini kutoka shimoni, na kona ya banda inanizuia nisilione shimo. Feni inapuliza shimoni dakika kumi na tano. Yoshizumi anashuka na mkanda kiunoni wenye kamba, Fusae anasimama mdomoni mwa shimo ameishika. Fundi akishatoka, miguu yote miwili juu, Fusae ananyoosha kidole kwenye shimo tupu na kuita "Yoshi!" Nami naitikia "Yoshi!" na kufungua vali. Redio za mkononi tulikuwa nazo, ila baridi ilikuwa inaua betri. Kufuli la vali Kunieda aliahidi kulinunua Aprili, bajeti mpya ikianza. Sauti ilitutosha kwa miaka miwili. Tulikuwa watu wazima wanne wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria jina la Yoshizumi.

Siku yenyewe ilikuwa Januari, jua kali baada ya theluji ya siku mbili. Wafugaji walikuwa waje saa saba kuona paneli zikifanya kazi, na kiungo kimoja cha bomba shimoni kilikuwa kinavuja tangu jana yake. Kunieda hakuwa anatulia mahali pamoja. Feni ilipofika dakika ya tano akasema imetosha, akachukua koleo akaenda kusafisha theluji barabarani ili magari ya wageni yapite.

"Bado dakika kumi," Fusae akasema.

"Shangazi, ni kiungo kimoja," akasema Yoshizumi. "Nakaza, natoka, tunakula." Akatundika kipimo cha hewa kwenye ngazi, usawa wa kifua chake.

"Kivae shingoni."

"Nikikivaa kinagongana na spana. Kikilia nitakisikia."

"Umekiweka juu mno."

"Juu mno kwako wewe, mfupi." Akacheka, akashuka.

Haya nilisimuliwa na Fusae baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa ukutani kwangu, vidole vya miguu vimekufa ganzi, nikiwaza supu. Kipimo kilikuwa kimya na kilikuwa sahihi, maana usawa wa kifua cha mtu aliyesimama hewa ilikuwa njema. Lakini kiungo kilichovuja kilikuwa chini, karibu na sakafu, na hewa ukaa iliyovuja usiku kucha ilikuwa imelala hapo hapo. Yoshizumi akachuchumaa, kichwa kikaingia ndani yake.

Fusae alimwona akinyoosha mkono kuchukua spana, halafu akaacha. Alimwona akiegemeza kichwa chake kwenye bomba, taratibu, kama mtu aliyechoka safarini. Hakulalamika wala hakukohoa, alinyamaza tu.

Nikasikia "Yoshi!"

Ilikuwa sauti kali kuliko kawaida yake. Nikajisemea afadhali, wamemaliza, tukale. Nikanyoosha kidole kwenye vali kama nilivyofundishwa, nikaitikia "Yoshi!" kwa furaha kabisa, nikazungusha gurudumu mizunguko saba. Bomba likaanza kuvuma.

Alichokuwa anakiita ni "Yoshizumi-san!" Kwa hofu, jina lilimkatikia katikati.

Akavuta kamba. Yoshizumi alikuwa mtu wa kilo themanini na sita, na kamba haikusogea hata kidogo. Hapo ndipo aliponisikia mimi nyuma ya banda nikimwitikia, na mara chini yake shimoni kiungo kile kilichovuja kikaanza kupuliza.

"Nilijua umemuua," aliniambia. "Na nilijua neno nilikupa mimi."

Mimi nilichokiona ni Fusae akitokea kwenye kona mbio. Kofia imemtoka, mdomo uko wazi, na mdomoni hamtoki kitu. Sijapata kuona uso kama ule, na naomba nisiuone tena. Njia ya kutoka bandani hadi getini, inayopita mbele ya vali, niliilima mwenyewe kwenye theluji asubuhi ile, upana wa koleo moja kwa sababu nilikuwa mvivu, na nilikuwa nimesimama katikati yake. Akanipiga kifuani kwa mikono yote miwili. Nikagonga mgongo kwenye ukuta.

"Yumo!" akasema. "Funga! Yumo ndani!"

Nilifunga. Mizunguko saba ile ile. Ule wa nne niliuzungusha upande usio wake. Sitaki kuandika nilichokuwa nasema wakati nazungusha. Halafu nikakimbia shimoni nikamwona Yoshizumi, kichwa kwenye bomba, midomo imebadilika rangi. Alikuwa karibu sana, ngazi vipawa saba tu. Nikajiambia nitazuia pumzi. Nikajiambia ni kushuka na kumwinua na kupanda. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye kipawa cha kwanza Fusae aliponikamata ukosi kwa nyuma, akanikaba.

"Usiingie!"

"Niachie, Shangazi, anakufa!"

"Ukiingia siwezi kuwatoa wawili! Shika kamba! Nagumo, shika kamba!"

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuniita jina langu tupu, bila ile "san" ya heshima. Nikashika kamba. Tukavuta, mimi nikilia kama mtoto na yeye hakulia, anahema tu, na ile mikono yake ya kufunga chupa ikawa inavuta kuliko yangu. Kichwa cha Yoshizumi kiligonga ngazi mara mbili. Tukamlaza kwenye theluji. Alikuwa hapumui, au alikuwa anapumua kidogo mno tusione. Fusae akampiga makofi, akamwita, safari hii jina lote likatoka, "Yoshizumi-san, Yoshizumi-san," mpaka akakoroma mkoromo mbaya, akatapika, akakoroma tena.

Wageni walifika saa saba kamili wakapisha gari la wagonjwa njiani. Walikunywa chai wamesimama, wakaondoka bila kuuliza kitu. Jua lilikuwa bado kali, na paneli zilikuwa zinameremeta na hazina hewa ya kula.

Yoshizumi alilazwa siku tisa. Kunieda akaandika ripoti, na ripoti ilitaka mihuri yetu wote, maana kwetu muhuri wa mtu ndio sahihi yake. Ilisema: "Mfanyakazi Hanaoka alitambua hatari mara moja, akakimbilia vali na kuamuru ifungwe." Kuhusu mimi ilisema vali ilifunguliwa "kwa kutosikika vizuri," bila kutaja ni nani aliyekuwa na masikio hayo. Niligonga muhuri wangu haraka kabla hajabadili mawazo. Fusae aliuweka wake mkobani.

"Sikukimbilia vali," akasema.

"Lakini ulifika kwenye vali, Shangazi," akasema Kunieda kwa upole.

"Nilikuwa nakimbia. Nilikuwa naenda getini, halafu barabarani, halafu sijui wapi. Njia ilikuwa nyembamba, na Nagumo-san alikuwa amesimama katikati yake. Ningeweza kumpita ningempita."

Kunieda akajaribu tena. "Ulimwambia afunge."

"Nilimwambia kwa sababu nilimwona usoni. Alikuwa anatabasamu."

Hilo liliniingia na halijatoka. Nilikuwa natabasamu kweli, nikiwaza supu.

Akachukua karatasi safi akaandika kwa mkono wake: kwamba aliita jina likakatika, kwamba alivuta kamba mara moja tu, kwamba aliogopa akamwacha mtu shimoni akakimbia, na kwamba alimkuta Nagumo njiani. Akagonga muhuri. Kisha akatoa nakala, akapanda basi hadi hospitali, akasimama mbele ya kitanda cha Yoshizumi akamsomea yote, mke wa Yoshizumi akimenya tofaa pembeni. Yoshizumi alisikiliza. Akaomba arudie tena tangu mwanzo. Alipomaliza mara ya pili, akageukia dirishani na hakusema neno, na Fusae akarudi na basi lile lile.

Kuanzia siku hiyo hofu yake ilihama. Hewa ukaa aliisahau. Niliwahi kumwona akiinama kufunga kiatu palepale bandani. Sasa alikuwa anahofia siku ambayo Yoshizumi atarudi. Aliniuliza mara tatu kwa wiki kama nimesikia lolote. Mapipa aliyajaza kimya, bila kofi. "Akiniambia niondoke nitaondoka," alisema. "Ila asiniangalie tu anyamaze. Hilo siwezi." Nami nilimwogopa Yoshizumi vile vile, maana vali niliifungua mimi, lakini yeye alikuwa amebeba hofu yetu wote wawili na mimi nikamwachia abebe.

Kufuli lilinunuliwa Februari, Aprili haikungojwa. Kunieda akapiga marufuku jina la Yoshizumi lisitamkwe kazini. Neno letu la kazi hakuweza kulibadilisha, kwa kuwa ni la nchi nzima, ikabidi abadilike mtu. Tukaagizwa tumwite Mitsunobu-san, jina ambalo mke wake peke yake ndiye aliyekuwa akimwita. Tulifanya mazoezi kabla hajarudi. Kunieda alikuwa anaona haya mpaka masikio yanamwiva.

Alirudi Machi, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa inakwenda polepole, na maneno madogo yalimpotea. "Nipe ile," alisema, "ile, ile ya kukazia," nami nikampa spana nikitazama pembeni. Alisalimia watu wote, na Fusae pia, kama anavyosalimiwa mtu yeyote. Kachumbari hakuichukua. Fusae aliisogeza sahani katikati ya meza, ikakaa hapo mpaka chakula kikaisha.

Siku ya nne kiungo kilitaka kukazwa. Vali ikafungwa, kufuli likatiwa, ufunguo ukawa mfukoni mwa Yoshizumi. Feni ikapuliza dakika thelathini, kwa amri. Kunieda akavaa glavu akasema yeye mwenyewe ndiye atakayeshika kamba. Mimi nikasema hapana, mimi.

Yoshizumi akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kule kwenye mapipa. "Namtaka Shangazi."

Fusae akaja. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu, na alisimama mbali na shimo.

"Sitaki, Mitsunobu-san. Mchukue mwingine. Mimi nilikimbia."

"Najua. Ulinisomea mara mbili."

"Nitakimbia tena. Ukianguka leo nitakimbia tena, sitaki nikudanganye."

Yoshizumi akavaa kipimo shingoni. Akajifunga mkanda, akavuta fundo, akalivuta tena. Kisha akamfuata Fusae pale alipokuwa, akamwekea ncha ya kamba mkononi na kumkunja vidole juu yake, kimoja kimoja, maana vidole vya wote wawili vilikuwa vizito.

"Kimbia," akasema. "Ila pitia kwenye vali."

Akageuka akashuka. Fusae alisimama mdomoni mwa shimo akitetemeka kuanzia mabegani, na kamba yote ikawa inatetemeka hadi chini. Mimi na Kunieda tulisimama nyuma yake.

"Kamba inatikisika," sauti ya Yoshizumi ikatoka shimoni.

"Naogopa," Fusae akasema.

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo, nijue uko hapo."